Kufungamanisha Masomo ya Insia katika Shule za Sekondari: Nafasi ya Kipindi cha Kiswahili nchini Uganda

Ikisiri

Masomo ya insia katika shule nyingi za sekondari za Afrika Mashariki hufundishwa kwa vipande: historia katika kipindi kimoja, jiografia katika kingine, lugha na fasihi katika vingine. Mitaala inayozingatia umahiri inamtaka mwanafunzi aviunganishe vipande hivyo, lakini mara nyingi haielezi nani amfundishe kuviunganisha, wala kwa lugha gani. Makala hii inafafanua maana ya kufungamanisha masomo ya insia, inapitia tajiriba ya Uingereza, Afrika Kusini na nchi za Afrika Mashariki, kisha inatoa mfano wa mada moja, yaani Reli ya Uganda, ambayo walimu wa historia, jiografia na Kiswahili wanaweza kuifundisha kwa ushirikiano bila kufuta somo lolote. Hoja kuu ni kwamba ufungamanishaji unaoanza kwa kuunganisha majina ya masomo hudhoofisha taaluma, ilhali ule unaoanza kwa swali lenye uzito huziimarisha. Aidha, makala inapendekeza kwamba kipindi cha Kiswahili, ambacho mtaala umekifanya kuwa cha lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili nchini Uganda, kitumike kama mahali pa kufanyia kazi hiyo.

Istilahi muhimu: insia, ufungamanishaji, mtaala wa umahiri, tathmini, Kiswahili nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Mwaka 2020 Uganda ilianza kutekeleza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala. Mtaala huo ulileta mabadiliko matatu yanayohusiana moja kwa moja na makala hii. Kwanza, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili. Pili, somo la historia lilipanuliwa na kuitwa Historia na Elimu ya Siasa, likabaki la lazima pamoja na jiografia. Tatu, mwishoni mwa kila mada iliwekwa shughuli ya ufungamanishaji, ambamo mwanafunzi hupewa hali inayofanana na ya maisha halisi na kutakiwa kutumia aliyojifunza ili kuitatua. Alama za tathmini endelevu zilipewa asilimia 20 na mtihani wa mwisho asilimia 80. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kitaifa mwaka 2024.

Mabadiliko hayo yana nia njema, lakini yana pengo. Shughuli ya ufungamanishaji imepangwa ndani ya muhtasari wa somo moja moja. Mwalimu wa historia huandaa yake, wa jiografia yake, na wa Kiswahili yake. Kinachofungamanishwa, kwa hiyo, ni mada na maisha, si taaluma na taaluma. Mwanafunzi anaweza kujifunza kuhusu ukoloni asubuhi, kuhusu uchukuzi mchana, na kuhusu maneno ya mkopo siku inayofuata, bila mtu yeyote kumwonyesha kwamba mambo hayo matatu yalikutana katika stesheni moja ya reli.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, inawezekana kumfundisha mwanafunzi wa sekondari kufikiri kwa kuvuka mipaka ya masomo bila kuyadhoofisha masomo yenyewe? Jibu linalotolewa ni ndiyo, kwa masharti. Uchambuzi umejikita katika mageuzi ya mitaala yanayofahamika, na unachukua mtazamo wa mtafiti wa lugha: namna tunavyoliita jambo huamua namna tutakavyolitekeleza.

2.0 Utata wa Istilahi

Neno insia limeenea katika vyuo vikuu, hasa kupitia matumizi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina Ndaki ya Insia. Hata hivyo, katika shule za sekondari neno hilo halijazoeleka. Walimu husema masomo ya sanaa, wakimaanisha yote yasiyo ya sayansi. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe anasoma sanaa hufikiri juu ya uchoraji, ngoma na maigizo. Matokeo yake si ya kiistilahi tu: jina hilo huyafanya masomo yanayohusu sheria, mipaka, imani na kumbukumbu za jamii yaonekane kuwa ya burudani, na hivyo ya wale walioshindwa hisabati.

Utata wa pili unahusu neno jumuishi. Mtu anayetafuta namna ya kusema kwamba masomo yamefundishwa kwa pamoja hushawishika kusema insia jumuishi. Lakini elimu jumuishi tayari ina maana mahususi katika nyaraka za sera: ni elimu inayowapokea wanafunzi wenye ulemavu na mahitaji maalumu pamoja na wenzao. Waraka utakaozungumzia ufundishaji jumuishi wa insia utasomwa kwa namna mbili na wasomaji wawili walio katika ofisi moja. Bajeti inaweza kupangwa kwa ajili ya jambo moja ilhali walimu wanaandaliwa kwa ajili ya jingine. Neno mtangamano nalo limekwisha kushikwa na siasa za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa sababu hizo, makala hii inatumia kitenzi kufungamanisha na nomino yake ufungamanishaji. Kufungamana ni kushikana kwa vitu ambavyo kila kimoja bado kinaonekana, kama kamba zilizosukwa. Kamba iliyosukwa haipotezi nyuzi zake, bali nguvu yake hutokana na nyuzi hizo kubaki nyuzi. Picha hiyo inakaribia maana inayokusudiwa kuliko neno kuunganisha, ambalo laweza kumaanisha hata kuyeyusha vitu viwili vikawa kimoja. Tofauti kati ya kusuka na kuyeyusha ndiyo kiini cha tajiriba zinazojadiliwa katika sehemu inayofuata.

3.0 Tajiriba za Ufungamanishaji

3.1 Uingereza: Swali mbele ya somo

Kati ya 1967 na 1972, Lawrence Stenhouse aliongoza nchini Uingereza mradi wa mtaala wa insia uliofadhiliwa na Schools Council na Nuffield Foundation. Mradi huo ulilenga vijana wa miaka 14 hadi 16, wakati nchi hiyo ikijiandaa kupandisha umri wa kumaliza shule hadi miaka 16. Badala ya kuandika kitabu cha somo jipya, mradi ulichagua mambo yanayozua mabishano katika jamii, kama vita, umaskini, familia, kazi na sheria. Kwa kila jambo ulikusanya mkoba wa ushahidi: dondoo za vitabu, picha, mashairi, ripoti na barua. Wanafunzi walijadili ushahidi huo, naye mwalimu alikuwa mwenyekiti asiyetumia mamlaka yake kuupigia debe msimamo wake.

Mambo mawili ya kujifunza yanajitokeza. La kwanza ni kwamba kilichofungamanisha maarifa kilikuwa swali, si jina la somo. La pili ni kwamba ufungamanishaji hauepuki siasa. Mkoba kuhusu mahusiano ya mbari ulizuiwa kuchapishwa mwaka 1972. Mwanafunzi anapofundishwa kuweka ushahidi wa aina mbalimbali mezani na kuuliza unasema nini, huishia kuuliza maswali ambayo wakubwa hawajakubaliana kuyajibu. Wapangaji wa sera wanapaswa kulijua hilo mapema.

3.2 Afrika Kusini: Gharama ya kuyeyusha

Baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, Afrika Kusini ilitangaza mwaka 1997 mtaala ulioitwa Curriculum 2005, ukaanza kutekelezwa mwaka 1998. Katika elimu ya msingi na ya kati, historia na jiografia ziliwekwa katika eneo moja la kujifunzia la sayansi za binadamu na jamii. Sababu ilieleweka: historia ya zamani ilikuwa imetumika kuhalalisha ubaguzi, na wengi walitaka kuanza upya.

Kamati ya mapitio iliyoongozwa na Linda Chisholm mwaka 2000 ilibainisha kwamba mtaala huo ulisisitiza mno uunganishaji na kupuuza mfuatano wa dhana ndani ya kila taaluma. Mwalimu aliambiwa matokeo yanayotarajiwa, lakini hakuambiwa mwanafunzi ajue nini kwanza na nini baadaye. Shule zenye maktaba na walimu waliobobea ziliweza kuziba pengo hilo. Shule maskini, ambazo mageuzi yalikusudia kuzisaidia, ndizo zilizoumia zaidi. Katika mtaala uliorekebishwa wa mwaka 2002, eneo la sayansi za jamii lilibaki, lakini historia na jiografia zikapewa matarajio yake tofauti.

Hapa pana onyo kwa kanda yetu. Ufungamanishaji unaofuta mipaka ya taaluma humwachia mwalimu kazi ya kuijenga upya peke yake. Asiye na nyenzo hawezi, na mzigo humwangukia mwanafunzi wake.

3.3 Afrika Mashariki: Kutoka Mombasa 1968 hadi leo

Wazo la kufungamanisha masomo haya si geni kwetu. Mwaka 1968 waelimishaji wa Afrika walikutana Mombasa kujadili ufundishaji wa masomo ya jamii katika nchi zilizojipatia uhuru, na mkutano huo ukafungua njia ya mpango wa ushirikiano wa nchi za Afrika katika eneo hilo. Lengo lilikuwa kuachana na mtaala uliomfundisha mtoto mito ya Ulaya kabla ya mto anaouvuka kwenda shuleni.

Mawazo hayo yalipata makao katika shule za msingi zaidi kuliko za sekondari. Watanzania wengi wanalifahamu jina la Maarifa ya Jamii. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliweka jiografia, historia na uraia pamoja katika shule ya msingi, lakini katika sekondari masomo hayo yakatengana tena. Mtaala wa sasa wa umahiri wa Kenya umerudisha masomo ya jamii kama somo moja katika sekondari ya chini. Rwanda, katika mtaala wake wa umahiri ulioanza kutumika mwaka 2016, imeweka historia pamoja na uraia, na elimu ya amani na mafunzo kuhusu mauaji ya kimbari hupita katika masomo mbalimbali. Mageuzi ya elimu ya msingi ya Burundi ya mwaka 2013 yaliyapanga masomo katika nyanja, mojawapo ikiwa ya sayansi za binadamu. Tanzania nayo, katika mtaala wa mwaka 2023, imeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hata katika sekondari hufundishwa kwa Kiswahili ingawa Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia masomo mengi.

Mfano wa Tanzania unastahili kuangaliwa kwa makini na majirani. Unaonyesha kwamba pale dola inapotaka kijana aelewe kwa kina, ajadili na kuguswa na jambo la jamii yake, huitafuta lugha anayoimudu. Swali kwa Uganda, ambako Kiswahili si lugha ya kwanza ya wanafunzi walio wengi, haliwezi kujibiwa kwa kunakili mfano huo. Linahitaji njia yake.

4.0 Masharti Matatu ya Ufungamanishaji

Kutokana na tajiriba hizo, yapo masharti matatu ambayo bila hayo ufungamanishaji hubaki kuwa jina.

Sharti la kwanza ni swali ambalo hakuna somo moja linaloweza kulijibu peke yake. Mada kama usafiri au utamaduni haitoshi, kwa kuwa kila mwalimu anaweza kuifundisha upande wake na kuondoka. Swali hulazimisha kukutana.

Sharti la pili ni kila taaluma kuleta zana zake. Mwanahistoria huuliza nani aliandika chanzo hiki, lini na kwa nini. Mwanajiografia hupima umbali, mwinuko na mvua, na kuuliza kwa nini hapa na si pale. Mwanalugha huuliza neno hili limetoka wapi, nani analitumia na linaficha nini. Mwanafunzi hapaswi kutumia zana moja kwa kazi zote, wala kujifunza mchanganyiko usio na zana yoyote.

Sharti la tatu ni lugha ya kufikiria. Mjadala wa insia hufanyika kwa sentensi ndefu zenye viunganishi vya sababu, tofauti na masharti: kwa kuwa, ilhali, licha ya, endapo. Mwanafunzi asiyezimiliki sentensi hizo hukariri. Walimu wa masomo ya maudhui mara nyingi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu wa lugha, naye mwalimu wa lugha hufundisha viunganishi kwa mifano isiyo na uzito, kama vile Juma kuchelewa kwa sababu ya mvua. Hivyo maudhui yanakosa lugha, na lugha inakosa maudhui.

Ni katika sharti hili la tatu ambapo kipindi cha Kiswahili nchini Uganda kina nafasi ya pekee. Ni kipindi kipya katika shule nyingi na kinatafuta maudhui. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina historia ngumu nchini humo. Katika miaka ya 1920, pendekezo la utawala wa kikoloni la kukipanua katika elimu na utawala lilipingwa vikali na Buganda. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wananchi wengi wakakihusisha na wanajeshi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi anayeingia darasa la Kiswahili huingia na hisia alizorithi nyumbani. Kumfundisha ngeli bila kumfundisha asili ya hisia hizo ni kumwachia mzigo asioujua.

5.0 Mfano: Reli ya Uganda

Ili kuonyesha jinsi masharti hayo yanavyoweza kutekelezwa, sehemu hii inapendekeza mada ya majuma manne kwa Kidato cha Pili. Swali kuu ni: Reli iliyoitwa ya Uganda ilijengwa kwa ajili ya nani, na nani aliilipia? Kila mwalimu anatumia vipindi vyake vya kawaida, na ratiba ya shule haibadiliki.

Juma la kwanza linaongozwa na mwalimu wa jiografia. Wanafunzi wanachora mkato wa ardhi kutoka Mombasa, kupitia Bonde la Ufa, hadi Kisumu, kisha njia ya baadaye kupitia Eldoret na Tororo hadi Kampala. Wanatambua kwamba njia hii ya pili inapanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari karibu na Timboroa. Ndipo wanapopewa kitendawili. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Reli iliitwa ya Uganda, lakini kwenye ramani ya leo haikuvuka mpaka wa Kenya. Je, jina lilikuwa la uongo? Ramani ya wakati ule inajibu: hadi mwaka 1902, eneo la Kisumu lilikuwa katika jimbo la mashariki la himaya ya Uganda, kabla ya jimbo hilo kuhamishiwa upande ambao sasa ni Kenya. Mwanafunzi anagundua kwa kalamu yake kwamba mpaka una tarehe.

Juma la pili linaongozwa na mwalimu wa historia. Wanafunzi wanaorodhesha waliohusika: serikali ya Uingereza iliyotoa zaidi ya pauni milioni 5, wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa, Wanandi waliopinga ardhi yao kupitiwa, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliyeuawa mwaka 1905, wakulima wa Uganda waliohimizwa kulima pamba mwanzoni mwa karne ya 20 ili reli ipate mzigo wa kubeba. Kwa kila kundi wanauliza: tunalijua kupitia maandishi ya nani? Wanaona kwamba wahandisi na maofisa waliacha ripoti na kumbukumbu, ilhali sauti za vibarua na za waliopoteza malisho hazipatikani kwa urahisi. Ukimya huo wenyewe ni ushahidi.

Juma la tatu ni la mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wanakusanya msamiati wa reli na kazi: gari, garimoshi, stesheni, kuli, karani, kibarua. Wanachunguza asili yake na kuona kwamba gari na kuli yana asili ya Kihindi, na stesheni ya Kiingereza. Hapa mwalimu anapaswa kuwaonya dhidi ya hitimisho la haraka. Pwani ya Afrika Mashariki ilifanya biashara na India karne nyingi kabla ya reli, kwa hiyo neno la Kihindi si lazima liwe lilishuka kutoka behewa la mwaka 1898. Neno ni shahidi, lakini ni shahidi asiyetaja tarehe, na ni lazima ahojiwe pamoja na mashahidi wengine. Kisha wanajadili neno kuli: nani huitwa hivyo, na neno hilo linamtweza au linamtambulisha tu? Mwalimu anaweza kudokeza kwamba riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inawahusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948, ili wanafunzi waone neno la dharau likigeuzwa kuwa jina la wapigania haki. Juma hilo linamalizika kwa mazoezi ya viunganishi vya sababu na tofauti, sasa kwa sentensi zenye uzito: Ingawa reli iliitwa ya Uganda, wakulima wa Uganda hawakuulizwa ipite wapi.

Juma la nne walimu wote watatu wanakutana na darasa, hata kama ni kwa kipindi kimoja tu. Wanafunzi wanaandika insha fupi inayojibu swali kuu, kisha wanajadili mfano wa leo. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Ya Tanzania ilifika Dodoma mwaka 2024. Uganda nayo ina mpango wa kujenga yake kutoka Malaba hadi Kampala. Nani analipa, nani anahamishwa, mzigo gani utabebwa? Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza hivyo kuhusu mwaka 1901 ana haki na uwezo wa kuuliza hivyo kuhusu sasa.

6.0 Tathmini na Maandalizi ya Walimu

Mageuzi mengi ya mtaala hushindwa kwenye karatasi ya mtihani. Maadamu asilimia 80 ya alama inatoka katika mitihani ya masomo yaliyotengana, mwalimu atafundisha kile kitakachoulizwa. Makala hii haipendekezi mtihani mpya wa insia. Inapendekeza kwamba kazi moja ya mwanafunzi isahihishwe mara mbili ndani ya ile asilimia 20 ya tathmini endelevu. Insha ya reli isomwe na mwalimu wa historia kwa kigezo cha matumizi ya ushahidi, na isomwe na mwalimu wa Kiswahili kwa kigezo cha mpangilio wa hoja na usahihi wa lugha. Kila mmoja aingize alama katika somo lake. Hivyo mwanafunzi anaandika kazi moja badala ya mbili, na hakuna somo linalopoteza alama zake.

Lakini insha itaandikwa kwa lugha gani, ikiwa historia hufundishwa kwa Kiingereza? Pendekezo ni kwamba rasimu ya kwanza iwe kwa Kiingereza katika kipindi cha historia, na toleo la Kiswahili liandikwe upya, si kutafsiriwa neno kwa neno, kwa ajili ya msomaji mwingine: kijana wa rika lake aliyeko Kisumu, Mwanza au Bujumbura. Kubadilisha msomaji hulazimisha kubadilisha yanayoelezwa. Msomaji wa Kisumu hahitaji kuelezwa Kisumu iko wapi, lakini huenda hajawahi kusikia kwamba mji wake ulikuwa sehemu ya Uganda. Zoezi hilo linafundisha historia kwa mara ya pili.

Kuhusu walimu, kanda yetu ina rasilimali isiyotumiwa ipasavyo. Vyuo vingi vya ualimu humwandaa mwalimu wa sekondari kwa masomo mawili. Wapo wanaohitimu Kiswahili pamoja na historia, jiografia au elimu ya dini. Mwalimu wa aina hiyo tayari ni fungamano linalotembea, lakini shule humpangia somo moja tu kwa kuwa ndilo lenye upungufu. Takwimu za walimu zikihifadhi masomo yote mawili aliyosomea kila mwalimu, wasimamizi wataweza kuona ni shule zipi zinaweza kuanza bila gharama kubwa.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mshika mawili moja humponyoka: mwanafunzi ambaye hajamudu historia hawezi kuifungamanisha na kitu kingine. Hoja hii ina ukweli, na Afrika Kusini ni ushahidi wake. Ndiyo maana pendekezo hapa ni la mada moja au mbili kwa mwaka, huku sehemu kubwa ya muda ikibaki ndani ya masomo yenyewe. Kamba husukwa baada ya nyuzi kupatikana.

Pingamizi la pili linahusu upungufu wa walimu wa Kiswahili nchini Uganda. Shule ambazo hata hazina mwalimu huyo zitafanyaje? Kwa muda mfupi hazitaweza, na sera isijifanye kwamba zitaweza. Hata hivyo, kumpa mwalimu wa Kiswahili nafasi katika mada zinazoheshimiwa kunaweza kuinua hadhi ya somo machoni pa wakuu wa shule. Somo linaloonekana kuwa ni la ngeli na salamu ni rahisi kulikatia vipindi.

Pingamizi la tatu ni la hofu: kwamba maswali ya nani alilipa na nani aliumia yataleta ugomvi darasani. Hofu hiyo haipuuzwi katika kanda ambayo imeona historia ikitumiwa kuchochea mauaji. Lakini ugomvi huletwa zaidi na masimulizi yasiyohojiwa kuliko na ushahidi uliowekwa mezani. Mwanafunzi aliyefunzwa kuuliza chanzo ni nani, hahadaiki kwa urahisi na msemaji wa jukwaani.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeeleza kwamba ufungamanishaji wa masomo ya insia si kuyapunguza masomo yawe moja, bali ni kuyakutanisha mbele ya swali ambalo kila moja linalihitaji jingine. Tajiriba zilizopitiwa zinaonyesha kwamba kuyeyusha masomo huwaumiza zaidi wanafunzi wa shule zisizo na nyenzo, na kwamba lugha ndiyo kiungo kinachosahauliwa mara nyingi katika mipango ya mitaala. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, asasi za mitaala za nchi wanachama zikubaliane juu ya istilahi kabla ya kuandika mwongozo wowote, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu kazi hiyo, ili elimu jumuishi na ufungamanishaji wa masomo visichanganywe. Pili, nchini Uganda, miongozo ya Historia na Elimu ya Siasa, jiografia na Kiswahili iainishe angalau mada moja ya pamoja kwa kila mwaka wa masomo, pamoja na swali lake kuu na mkoba wa ushahidi. Tatu, kanuni za tathmini endelevu ziruhusu kazi moja kusahihishwa katika masomo mawili. Nne, mikoba ya ushahidi kuhusu mambo yanayovuka mipaka, kama reli, Ziwa Victoria, biashara ya misafara na wakimbizi, iandaliwe kwa Kiswahili kwa ushirikiano wa nchi jirani, kwa kuwa hakuna taifa hata moja lenye ushahidi wote wa historia yake ndani ya mipaka yake.

Pendekezo la nne ndilo gumu zaidi, na ndilo lenye faida ya kudumu. Kijana wa Jinja na kijana wa Kisumu wanatazama ziwa lilelile na wanasoma kuhusu reli ileile katika vitabu viwili visivyosomana. Kiswahili kimewekwa katika ratiba zao wote wawili. Kazi iliyobaki ni kuwapa jambo la kuandikiana.